Hotuba: Utafiti wa Chuoni Unavyomfunza Kijana Kupanga Kazi na Kutunza Muda

 

Kila mwaka, mvua za vuli zikishapita, vijana huonekana katika vijiji vya Kaunti ya Makueni wakiwa na mkoba begani, ubao wa kuandikia mkononi na barua iliyopigwa mhuri. Hubisha hodi, hujitambulisha kuwa wanafunzi wa chuo kikuu na kuomba dakika chache za kuuliza maswali. Wakazi wengine huwakaribisha, wengine huwa na shaka nao. Wapo pia wanaojibu haraka haraka ili warudi shambani.

Hotuba hii inamhusu kijana huyo, mzazi anayemlipia karo na mkazi anayempa saa yake. Inaeleza jinsi utafiti wa mwaka wa mwisho unavyomfunza mwanafunzi kupanga kazi na kutunza muda. Inaeleza pia kwa nini jambo hilo linamgusa hata mkazi ambaye hajawahi kuingia lango la chuo kikuu.

Kazi isiyo na kengele

Tangu darasa la kwanza, mtoto wa Kenya huishi kwa kengele na ratiba iliyopangwa na mtu mwingine. Mwalimu ndiye anayeamua hesabu ifundishwe saa ngapi na mtihani ufanywe lini. Hata chuoni, mihadhara ina saa yake na mitihani ina tarehe yake. Mwanafunzi anaweza kupita miaka mitatu bila kuwahi kupanga kazi kubwa peke yake.

Mradi wa utafiti hubadilisha mambo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne huambiwa achague mada, aandike pendekezo, akusanye data, aichambue na kuwasilisha ripoti. Hupewa msimamizi mmoja na siku moja ya mwisho, ambayo huwa miezi mingi mbele. Katikati hapo hakuna kengele inayolia. Mwanafunzi akilala wiki mbili, hakuna anayemwamsha, na madhara yake huonekana miezi mitatu baadaye.

Madhara hayo si madogo. Katika shahada nyingi, mwanafunzi ambaye hajawasilisha mradi hawezi kuhitimu pamoja na wenzake. Mzazi aliyeuza mbuzi na maembe kwa miaka minne hulazimika kutafuta tena pesa za chumba na chakula. Kazi inayotangazwa mwaka huo na kutaka cheti cha shahada humpita.

Mfano wa mahindi

Chukulia mwanafunzi wa kilimo anayetaka kuchunguza jinsi familia za Makueni zinavyokausha na kuhifadhi mahindi. Mada hii ina uzito hapa. Mwaka 2004, sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliingia katika mahindi ya ukanda huu. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao wakiwa wakazi wa wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui. Mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu ndiyo yaliyowadhuru. Kila anayekumbuka mwaka huo anajua kwamba swali la mahindi kukauka au kutokauka ni swali la uhai.

Sasa mwanafunzi huyo ana mada nzuri. Lakini mahindi hayafuati kalenda ya chuo. Ukambani, mvua za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake hufika Februari na Machi. Vyuo vingi huanza mwaka wa masomo Septemba na kutaka ripoti za mradi karibu na mwisho wa Aprili. Hivyo basi, nafasi ya kuyaona mahindi yakianikwa uani ni ya wiki chache tu. Akifika katikati ya Aprili, atakuta magunia yamefungwa, mengine yameuzwa sokoni. Itambidi awaulize watu wakumbuke walichofanya miezi miwili iliyopita, na kumbukumbu si sawa na kuona kwa macho. Waswahili wamesema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hapa ndipo mwanafunzi anapojifunza somo la kwanza la kupanga, nalo ni kuhesabu kurudi nyuma. Haanzi kwa kuuliza, "Nifanye nini leo?" Huanza na siku ya mwisho na kurudi hatua kwa hatua hadi leo.

Ikiwa ripoti inatakiwa tarehe 30 Aprili, na mwanafunzi anataka wiki moja ya akiba, masahihisho lazima yakamilike tarehe 23 Aprili. Masahihisho yanachukua wiki moja, kwa hivyo msimamizi awe ameirudisha rasimu tarehe 16. Msimamizi naye anahitaji wiki ya kusoma, kwa kuwa ana wanafunzi wengine na ana mihadhara yake. Rasimu basi imfikie tarehe 9 Aprili. Kuiandika ni wiki tatu, na kuchambua data kabla ya kuandika ni wiki mbili. Mwanafunzi akihesabu hivyo, anagundua kwamba data yote lazima iwe mkononi kufikia tarehe 5 Machi.

Kisha anahesabu nyumba. Akitaka kuzungumza na familia 60, na mazungumzo ya kila familia yanachukua dakika 45, familia nne kwa siku ni saa tatu za kuzungumza. Bado hajahesabu kutembea, kusubiri boda boda na kunywa chai ambayo si adabu kuikataa. Familia nne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni familia 20. Familia 60 ni wiki tatu kamili. Kwa hivyo kazi ya nyanjani ianze kufikia tarehe 13 Februari, na wiki ya kwanza ya mwezi huo itumike kuyajaribu maswali na kuyaweka vizuri katika Kikamba na Kiswahili.

Hata mpangilio wa vijiji huamuliwa na kalenda. Vilima vya Mbooni vina baridi zaidi, na mahindi ya huko hukawia kukomaa kuliko ya nyanda za joto za Kibwezi. Mwanafunzi mwenye mpango huanza Kibwezi na kumalizia Mbooni. Asiye na mpango huenda kokote alikopata usafiri, na katika kila kijiji hufika ama mapema mno au baada ya mavuno kwisha.

Makadirio ya moyo na makadirio ya kweli

Mpango kama huo ni mzuri kwenye karatasi, ila una hatari moja. Binadamu hukadiria muda kwa matumaini. Mwaka 1994, wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliwauliza wakadirie watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani, wanafunzi walisema siku 34. Walipoombwa wakadirie ikiwa kila kitu kitaharibika kabisa, walisema siku 49. Kwa kweli walitumia wastani wa siku 56. Chini ya thuluthi moja ndio waliomaliza ndani ya muda waliojipangia.

Ukweli wa takwimu hizo ni kwamba hata walipolazimishwa kufikiria mabaya yote, wengi hawakuyafikiria yote. Wanafunzi hao hawakuwa wavivu. Mtu anapopanga, huiona kazi yenyewe na kusahau homa, mazishi ya jirani, kompyuta iliyokufa, stima iliyopotea na msimamizi aliyesafiri.

Dawa yake ni rahisi kuieleza. Mwanafunzi asiulize moyo wake, aulize yaliyopita. Sura ya kwanza aliyoiandika ilichukua siku ngapi? Waliomtangulia mwaka jana walikwama wapi, na kwa muda gani? Mkulima hufanya hivyo kila msimu. Akiambiwa mbegu fulani hukomaa kwa siku 90, humuuliza jirani aliyeipanda mwaka uliopita, na akisikia kwamba yake ilichukua siku 100, hupanga kwa siku 100. Mwanafunzi naye aweke siku za akiba baada ya kila hatua, asiziweke zote mwishoni, kwa sababu shida haisubiri mwisho.

Foleni ya vibali

Kuna muda ambao hauko mikononi mwa mwanafunzi kabisa. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, anayefanya utafiti nchini anahitaji leseni kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, inayojulikana kama NACOSTI. Kabla ya hapo, pendekezo lake hupitia kwa msimamizi na idara yake. Likiwa linahusu watu, hupitia pia kamati ya maadili ya utafiti. Akishapata leseni, anatakiwa kuwaarifu wakuu wa kaunti anakokwenda, wakiwemo Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu, kisha afike kwa chifu na mzee wa kijiji.

Kila meza ina foleni yake. Kamati haikutani kila siku, na fomu yenye kasoro hurudishwa, ikaanza upya. Mwanafunzi anayetuma maombi Januari akitarajia kwenda nyanjani Februari anacheza kamari na mradi wake. Anayekamilisha pendekezo mwisho wa Oktoba na kutuma maombi Novemba ana nafasi ya kurudishiwa fomu mara moja na bado awahi mavuno.

Somo hapa ni kutofautisha kazi za kufanya na kazi za kusubiri. Zile za kusubiri ndizo huanzishwa kwanza, na wakati zinasubiriwa, zile za kufanya huendelea. Mwanafunzi anayengoja kibali anaweza kusoma maandishi ya waliotangulia, kukopa kipima unyevu cha nafaka kutoka idara yake, au kuboresha sura tatu za mwanzo. Katika vyuo vingi vya Kenya ripoti huwa na sura tano, na tatu za kwanza huwa tayari zimo katika pendekezo: utangulizi, mapitio ya maandishi na mbinu za utafiti. Aliyezitengeneza vizuri Desemba hana sura tano za kuandika Machi. Ana mbili tu, za matokeo na hitimisho.

Mali bila daftari

Muda ukipangwa bila kumbukumbu kutunzwa, kazi huvuja. Methali ya kale inasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika utafiti, mali ni majibu ya watu.

Mwanafunzi anayejua kazi huwa na daftari moja la nyanjani ambalo haliachi. Kila siku huandika tarehe, kijiji, saa ya kuanza na kumaliza, waliokubali kuzungumza, waliokataa, na jambo lolote lisilo la kawaida. Kila familia huipa namba. Jina la mwenye nyumba haliandikwi kwenye hojaji. Huwekwa kwenye orodha tofauti iliyofungiwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na mwanafunzi hana ruhusa ya kuzianika.

Jioni, kabla ya kulala, huzipitia hojaji za siku hiyo. Pengo likionekana jioni, kesho anaweza kurudi kwa mama yule na kuuliza swali moja lililosahaulika. Likionekana mwezi mmoja baadaye akiwa chuoni, haliwezi kuzibwa.

Wanaotumia simu kukusanya majibu wana programu kama KoboToolbox, ambayo hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, kisha hutuma majibu mtandao ukipatikana. Hiyo huokoa siku nyingi za kunakili karatasi. Lakini simu huanguka mtoni na kompyuta huibiwa kwenye matatu. Kwa hivyo mwanafunzi huweka nakala mahali pawili au patatu, na kila faili huipa jina lenye tarehe, ili asije akachambua rasimu ya zamani akidhani ni ya mwisho. Dakika kumi za kila jioni huokoa wiki nzima ya machozi mwezi wa Aprili.

Wiki ya kawaida

Kazi kubwa haifanywi kwa siku kubwa. Hufanywa kwa vipande vinavyotoshea ndani ya wiki ya kawaida, yenye mihadhara, kufua, ibada na mara nyingi kibarua cha kutafuta nauli. "Kuandika sura ya nne" ni kazi isiyoshikika, na mwanafunzi akiiona kwenye orodha yake huiruka kila siku. "Kuchora jedwali la njia za kukausha mahindi kwa familia 20 za Kibwezi" inashikika, na inaweza kumalizwa kati ya chakula cha mchana na saa kumi.

Mkutano na msimamizi nao ni nguzo. Mwanafunzi anayepanga kukutana naye kila baada ya wiki mbili, hata kwa dakika 15, hulazimika kuwa na kitu cha kuonyesha. Baada ya mkutano huandika waliyokubaliana na tarehe yake. Anayemkwepa msimamizi kwa sababu hajafanya kazi huongeza deni, na deni la muda lina riba kama deni lolote.

Wazazi wana nafasi hapa. Kijana akirudi nyumbani Desemba, mara nyingi huonekana amepata likizo, na kazi zote za boma huangukia mikononi mwake. Ni haki asaidie, kwani ni mtoto wa nyumbani. Lakini mzazi na mwanafunzi wakiketi pamoja na kukubaliana kwamba asubuhi ni ya mradi na alasiri ni ya shamba, shamba litalimwa na mradi hautalala. Kijana asiyesema lolote kuhusu kazi yake, kisha akalalamika kwamba hapewi nafasi, bado hajajifunza kupanga. Kupanga muda ni pamoja na kuwaeleza wengine mpango wenyewe.

Saa ya mkulima

Mwanafunzi pia hujifunza kwamba muda si wake peke yake. Mkulima anayevuna ana jua la kuwahi. Mama mwenye kibanda sokoni ana siku ya soko ambayo ndiyo hulisha wiki nzima. Mwanafunzi anayefika siku hiyo bila taarifa hupata majibu ya haraka yasiyo na faida, au hapati mtu kabisa.

Kwa hivyo mwenye adabu huuliza kwanza kwa mzee wa kijiji siku ya soko ni ipi, watu hutoka shambani saa ngapi, na kama kuna matanga au harusi wiki hiyo. Huomba miadi, hufika kwa wakati, na akisema ni dakika 45 haongezi bila ruhusa. Akikawia, hupiga simu. Mambo haya hayaandikwi kwenye cheti, lakini mwajiri huyatambua ndani ya wiki ya kwanza.

Mkazi naye ana haki zake. Anaweza kuomba kuona leseni ya NACOSTI, ambayo ina alama ya QR ya kuthibitisha kwa simu kwamba ni halali. Anaweza kuuliza utafiti ni wa nini, utachukua muda gani na majibu yatatunzwaje. Anaweza kukataa, au kuacha katikati, bila kuadhibiwa wala kunyimwa huduma yoyote. Na ana haki ya kuuliza swali ambalo wengi husahau: matokeo yatarudi lini? Mwanafunzi aliyepanga vizuri huwa ameshatenga siku moja ya kurudi barazani na kueleza alichokipata kwa lugha ya nyumbani.

Kuchelewa kunapozaa uongo

Kuna jambo ambalo halisemwi wazi vya kutosha. Data ya uongo mara nyingi haianzi na mtu mwovu. Huanza na mtu aliyechelewa.

Mwanafunzi aliyepoteza Novemba na Desemba hujikuta Machi ana hojaji 60 na siku tano. Anafanya 15 kwa ukweli. Kisha anaketi chini ya mwembe na kuzijaza 45 zilizobaki kwa kalamu mbili za rangi tofauti. Hakuna anayemwona, na anajiambia kwamba ni mradi wa shule tu.

Lakini ameandika kwamba familia nyingi huanika mahindi juu ya turubai na kuyapima ukavu kabla ya kuyahifadhi, wakati hajui. Ripoti hiyo yaweza kusomwa na mwanafunzi mwingine, akainukuu. Yaweza kumfikia afisa anayeamua ni wadi zipi zipewe mafunzo ya kukausha nafaka. Wadi iliyohitaji mafunzo ikaachwa kwa sababu karatasi ilisema mambo ni shwari. Katika kaunti iliyozika watu kwa mahindi yenye unyevu, huo si uongo mdogo.

Ndiyo maana kupanga muda si suala la kupata alama nzuri pekee. Ndiko kunakomwezesha kijana kusema ukweli. Mwenye siku za akiba anaweza kurudi kwa nyumba iliyofungwa. Asiye nazo hushawishika kubuni kilichomo ndani.

Na je, mpango ukivunjika licha ya juhudi? Mvua inaweza kukata barabara, mwanafunzi anaweza kuugua. Njia iliyo sawa ni kumwendea msimamizi mapema na kupunguza kazi kwa uwazi. Familia 35 za kweli, pamoja na maelezo ya kwa nini hazikufika 60, ni utafiti. Familia 60 ambazo 45 kati yake zimebuniwa si chochote. Kujua nini cha kupunguza, na kusema mapema, ni sehemu ya ujuzi wa kupanga.

Baada ya mahafali

Wengi wa wanafunzi hawa hawatakuwa watafiti. Watakuwa walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wakulima, makatibu wa vyama vya akiba na watumishi wa kaunti. Ujuzi huu utawafuata huko.

Serikali ya kaunti yenyewe huendeshwa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Mkazi anayetaka barabara au kisima cha wadi yake kiingie kwenye bajeti, kisha akaanza kuuliza mwezi wa Mei, yuko kama mwanafunzi aliyefika baada ya mavuno. Anayejua tarehe hizo huhudhuria mikutano ya kushirikisha umma mapema, akiwa na hoja iliyoandikwa na takwimu za kuiunga mkono.

Kijana aliyewahi kupanga utafiti wa familia 60 kwa wiki tatu, akatunza kumbukumbu na kuwasilisha kwa wakati, anaweza kukisaidia kijiji chake kuandaa hoja kama hiyo. Anaweza kusaidia kikundi cha akina mama kupanga msimu wa maembe, au chama kujua nani amelipa na nani bado. Kijiji kilichompa saa zake wakati wa utafiti kitakuwa kimelipwa.

La kufanya

Kwa mwanafunzi anayeingia mwaka wa nne: chukua kalenda wiki hii, weka alama kwenye siku ya mwisho, na uhesabu kurudi nyuma. Anzisha mapema yale yanayohitaji mhuri wa mtu mwingine. Weka siku za akiba kila hatua. Andika kila jioni. Ukikwama, sema.

Kwa mzazi: usiulize tu, "Unamaliza lini?" Uliza, "Wiki hii unatakiwa kufanya nini?" Swali la pili humsaidia zaidi.

Kwa mkazi: mwanafunzi akibisha hodi, omba kuona leseni yake, mpe muda wako ukiweza, na umjibu ukweli. Kisha muulize siku ya kurudi na matokeo. Iandike kwenye kalenda yako, naye akiona unaiandika, ataiandika kwake.